Jina Chini ya Nailoni Nyeusi

Mafundi walipomaliza kutoboa saruji ya kisima waliondoka bila hata kunawa mikono. Waliacha vumbi jeupe limetapakaa kwenye mpini wa pampu, na kando ya pampu wakaacha nguzo fupi ya chuma iliyokazwa kwa nati nene. Juu ya nguzo ile kulikuwa na kibao cha shaba. Kilikuwa kimeviringishwa nailoni nyeusi na kubanwa kwa utepe wa gundi, kikabanwa tena na tena, kama kitu kinachoweza kutoroka.

Sabdio alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Alitua mtungi wake wa plastiki, akamtazama Warigia, binti wa Mbuthia mwenye duka, ambaye siku hizi alifanya kazi katika Mradi wa Kumbukumbu za Mji na alivaa kitambulisho shingoni hata siku za Jumapili.

"Warigia, hapo ndani mmeandika nini?"

"Ni historia ya kisima, mama. Watalii wanapita hapo juu kwa lami wakienda mbugani, hata hawapunguzi mwendo. Tunataka wasimame. Huu mji una mambo mengi, lakini nani anayajua?"

"Historia ya nani?"

"Si nimesema? Ya kisima."

"Kisima hakijichimbi."

Warigia alicheka, akafuta vumbi kwenye simu yake. "Mtaona siku ya uzinduzi. Mgeni rasmi ndiye atafungua. Tafadhali mtu asiguse hiyo nailoni."

Angesema tu lililoandikwa, mambo yangeisha palepale. Lakini alipenda siri ile ndogo. Ilimpa uzito mbele ya wanawake waliomjua akikimbia uchi mvuani. Akapanda bodaboda akaenda zake. Foleni ilibaki ikitazama nailoni nyeusi, na kwa mara ya kwanza tangu pampu iwekwe, hakuna aliyekimbilia mpini.

Jambo lenyewe lilikuwa zito kuliko Warigia alivyodhani. Kwa Waborana, mtu aliyeipiga ardhi kwanza akatoa maji ndiye konfi, mwenye kisima. Yeye, na watoto wake baada yake, ndio husema ng'ombe wa nani watangulie, wa nani wangoje, na wa nani warudi walikotoka. Pale mtaani, upande wa Burat, watu walikuwa wameacha kuyataja mambo hayo. Waborana, Waturkana, Wameru wenye mashamba madogo, hata wake wa askari, wote walipanga mitungi yao mstari mmoja. Nani alichimba, lilikuwa swali lililolala. Sasa mtu alikuwa ameliandika jibu kwenye shaba, akalifunika.

*

"Ni baba," Denge alisema jioni ile, akivua viatu mlangoni. Alikuwa dalali wa ng'ombe, na alikuwa ameisikia habari sokoni kabla mkewe, Sabdio, hajamwambia. "Duba. Wataandika nani mwingine?"

"Walikuja kukuuliza?" Sabdio alisema.

"Waniulize nini? Kila mtu anajua."

"Kila mtu anajua, lakini kalamu ilikuwa ya mtu mmoja. Walikuuliza?"

Denge alivisukuma viatu kando. Mama yake, Ado, alikuwa amekaa kwenye jamvi na chai yake ya maziwa, miguu imenyooshwa mbele. Macho yake yalikuwa na ukungu, lakini masikio yalimtosha.

"Duba alichimba peke yake," alisema. "Mikono yake ilitoka damu. Mimi ndiye niliyeifunga vitambaa."

"Umesikia?" Denge alimwambia mkewe.

Sabdio alisikia. Lakini alikuwa amewahi kusikia pia, kwa Nangiro, jirani yake Mturkana, kwamba baba mkwe wake Nangiro, mzee Lokwawi, alishuka ndani ya shimo lile hadi akapoteza kucha za miguu. Habari hizo mbili zilikuwa zimeishi ua kwa ua miaka yote bila kugombana, kwa sababu hakuna aliyewahi kuziita mahali pamoja.

"Na kama si Duba?" aliuliza.

Denge aliinua uso. "Kwani umesikia nini?"

"Sijasikia kitu."

"Mimi nimesikia. Ekuam ameonekana kwa ofisi ya mradi. Alipewa kiti, akanywa chai. Mturkana anayefyatua matofali, anaitwa ofisini kunywa chai ya nini?"

Ekuam alikuwa mume wa Nangiro. Sabdio alitaka kusema kwamba watu huenda ofisini kwa mambo mengi. Lakini na yeye alikuwa ameshaanza kujiuliza.

*

Mgeni rasmi hakuja wiki ile. Ilisemekana yuko Nairobi, kisha yuko kwenye matanga, kisha gari lake limekwama Ngaremara. Viti vya plastiki vililetwa vikarudishwa. Nailoni ilibaki palepale, ikishika joto la mchana na kupigapiga upepo ukija.

Mbuthia dukani hakusaidia. Alikuwa mtu wa biashara, na alitaka kila mteja atoke ameridhika. Denge alipomuuliza kama bintiye ametaja jina, alijibu, "Wewe ni mtu wa hapa, Denge, wasiwasi ya nini?" Ekuam alipomuuliza, alimwambia, "Jasho ya baba yako haiwezi kupotea, rafiki yangu." Kila mmoja alitoka pale na sukari yake na uhakika wake, na uhakika ule ulipokutana njiani haukusalimiana.

Siku moja Denge alimkuta Ekuam akijaza pipa la maji ya kufyatulia matofali.

"Hayo maji ya udongo, ungengoja kwanza," Denge alisema.

"Ningoje nini?"

"Mpaka ijulikane."

Ekuam aliendelea kupiga pampu. "Ijulikane nini, Denge? Sema kwa mdomo."

"Nimesema ungoje."

"Baba yangu hakungoja ndani ya hilo shimo."

Watu walikuwepo, wakasikia. Kesho yake pipa la Ekuam lilikutwa limepinduliwa. Inawezekana ni punda. Hakuna aliyesema ni punda.

Kati ya Sabdio na Nangiro mambo yalikwenda polepole zaidi, na ndiyo sababu yaliuma zaidi. Walikuwa wameuza maziwa pamoja kando ya lami, chini ya kipande kimoja cha turubai. Nangiro ndiye aliyempokea Qabale, bintiye Sabdio, mvua ilipokata njia na mkunga asifike. Sasa Nangiro alianza kutandika gunia lake upande wa pili wa barabara. Alipoulizwa na wateja alisema huko kuna kivuli. Hakukuwa na kivuli.

"Mama Qabale," alisema siku moja wakipishana, bila kusimama, "ni kweli mzee wako alienda kuongea na Mbuthia usiku?"

"Alienda kununua majani chai."

"Majani."

"Na wako, ofisini alifuata nini?"

"Kitambulisho ya huduma ya mtoto wangu, Akiru. Aliambiwa hiyo ofisi ndiyo inaandika. Ikawa siyo." Nangiro alitazama kando. "Lakini wewe hutaamini."

Sabdio alisema anaamini. Alisema haraka mno, na wote wawili walisikia uharaka ule.

Asubuhi moja, kabla jua halijapanda, Sabdio alikwenda mwenyewe kisimani bila mtungi. Alichungulia huku na huku kama mwizi wa kuku, akapitisha ukucha chini ya utepe. Gundi ilikuwa kali. Aliona pembe moja ya shaba tu, ikimeta, kisha akasikia kikohozi njiani akaondoka upesi. Aliona haya siku nzima. Hakumwambia mtu.

Siku chache baadaye alitoka alfajiri na mtungi wake, na mvua ya usiku bado inachuruzika kwenye majani. Akamwona Nangiro kisimani, peke yake. Alikuwa amepiga magoti kwenye saruji, mkono mmoja kwenye nguzo, mwingine chini kabisa, karibu na mguu wa pampu. Nangiro aligeuka, akamwona. Akainuka, akajifuta magoti, akaenda zake bila kuchota maji.

Mtu asiyekuwa na shaka angesema, huyo naye anachungulia jina. Sabdio, ambaye alikuwa amefanya jambo lilelile kwa mkono wake mwenyewe, hakulifikiria.

*

Qabale alianza kutapika Jumatano. Hadi jioni alikuwa anaharisha maji matupu, midomo imemkauka, na alipoinuliwa shingo ilimlegea. Sabdio alimpa chumvi na sukari kwa kijiko, naye akavirudisha. Ado aliyanusa maji kwenye mtungi akakunja uso.

"Haya maji yana kitu."

Sabdio aliyanusa pia. Kulikuwa na harufu, ya chini, ya uvundo. Ghafla aliona tena magoti ya Nangiro kwenye saruji, na ule mkono wake chini.

"Mama, nilimwona," alisema. "Nilimwona na macho yangu akitia."

"Akitia nini?"

"Sijui. Alikuwa ameinama pale."

"Kuinama si kutia," Ado alisema. "Shika ulimi wako mpaka mtoto apone. Ulimi haurudi."

Lakini Denge alikuwa ameshakimbilia kutafuta bodaboda, na Sabdio, akitoka uani na mtoto amemfunga kifuani kwa leso, ilimbidi apite kisimani. Foleni ilikuwa ndefu. Nangiro alikuwa katikati yake, ameshika mtungi, macho mekundu kama mtu asiyelala.

"Umetutilia nini?" Sabdio alipiga kelele. "Nilikuona asubuhi ile! Ulikuwa umepiga magoti! Kama ni jina si mngesema, tungewapa hilo jina? Umeona mtoto wangu? Tazama! Ndiye huyu uliyempokea, na ndiye unayemuua!"

 Kisha mwanamke aliyekuwa nyuma ya Nangiro alivuta mtungi wake pembeni. Mwingine akarudi hatua. Mwanamke mmoja aliyekuwa ameshajaza aliinamisha mtungi wake, akamwaga maji yote chini, polepole, akimtazama Nangiro usoni. Maji yalipita katikati ya miguu ya Nangiro yakaingia kwenye matope.

Nangiro alifungua mdomo. Ilionekana kuna jambo alilotaka kumwambia Sabdio tangu mwanzo, hata kabla ya matusi. Akaufunga. Aliuacha mtungi wake palepale kwenye foleni, akaelekea kwake akikimbia.

*

Wodini walimtia Qabale dripu mkononi, na mchana uliofuata akafumbua macho akaomba chai. Sabdio alilia kwa furaha, akajipangusa kwa ncha ya buibui. Ndipo alipoletwa mtoto mwingine kwenye kitanda cha jirani, mdogo zaidi, macho yamezama, ngozi ya tumbo imenyauka. Alikuwa Akiru. Aliyembeba alikuwa Nangiro.

Hawakusalimiana. Muuguzi alihangaika kutafuta mshipa, akachoma, akakosa, akachoma tena. Akiru hakulia hata kidogo, na jambo hilo lilimwogopesha Sabdio kuliko kilio. Nangiro alishika mguu wa mtoto kwa mikono yote miwili na kunong'ona kwa Kiturkana.

Daktari alikuja, kijana mwenye sauti iliyochoka. "Hawa wawili ni wa mtaa mmoja?"

"Ndio," Sabdio alisema.

"Mnatumia maji gani?"

 Nangiro ndiye aliyejibu, akitazama dripu.

"Ya kisima. Maji ni moja."

"Mnachemsha?"

"Hatukuwa tunachemsha. Yalikuwa mazuri."

"Sasa yana kinyesi. Nimepata wengine asubuhi kutoka huko huko. Nitapigia simu watu wa afya waende waangalie." Alimgusa Akiru paji la uso. "Huyu mmemchelewesha, mama. Aliugua tangu lini?"

"Jumanne."

"Sasa jana mbona hukumleta?"

Nangiro aliendelea kushika mguu wa mtoto. "Jana nilienda kisimani kuomba mtu pesa ya boda," alisema. "Nilikuwa kwa foleni."

 Jumanne. Akiru alianza kuugua kabla ya Qabale. Mama yake alisimama kwenye foleni ile, macho mekundu, akimngoja rafiki yake afike ili amwombe.

Daktari alipoondoka, Sabdio alisogea hadi ukingo wa kitanda.

"Mama Akiru."

Nangiro aliinama akamfunika mtoto vizuri.

"Mama Akiru, mimi sikujua. Nisamehe. Nilikuona pale asubuhi, nikafikiri..."

"Nilikuwa nachungulia jina kwa chini, mkono nimeegemea kwa saruji," Nangiro alisema. "Kila mtu amechungulia hiyo nailoni. Na wewe ulichungulia, nilikuona mimi. Ni mimi nilikohoa." Alivuta pumzi. "Sikuambia mtu."

Akaugeuzia ukuta uso wake, na hadi Qabale aliporuhusiwa kurudi nyumbani hakuugeuza tena.

*

Afisa wa afya hakuhitaji muda mrefu. Alichuchumaa, akamwaga maji yenye rangi ya wino mguuni pa ile nguzo ya kibao, na watu wote wakayaona yakinywea ndani ya saruji kama yanavyonywea kwenye mchanga. Mafundi walipotoboa, waliupasua mfuniko wa kisima. Ufa ulianza kwenye nati, ukapita chini ya pampu, ukatokea upande wa hori la mifugo. Mvua iliponyesha, samadi na mikojo ya ng'ombe ilikuwa ikishuka moja kwa moja ndani.

"Hakuna sumu," alisema. "Ni hiki chuma chenu."

Denge alikuwa wa kwanza kuikamata nailoni. Ekuam alikuja upande wa pili. Kwa kitambo walitazamana, kila mmoja na ncha yake mkononi, kisha wakavuta pamoja. Ilichanika kwa sauti kubwa. Shaba ikametameta.

Denge alisoma kwa sauti, maana alitaka kuwa wa kwanza kulitamka jina la baba yake. "Kisima hiki kilichimbwa mwaka wa elfu moja mia tisa hamsini na saba, na Bwana P. R. Whitlock, Afisa wa Wilaya, kwa manufaa ya wenyeji." Akasimama. Akasoma tena, polepole zaidi, kana kwamba Duba huenda amejificha kati ya herufi.

"Nani?" Ado aliuliza kutoka kwenye kigoda chake.

"Whitlock. Mzungu."

"Yule wa farasi?" Bibi kizee aliinua fimbo yake. "Huyo alikuja akanywa! Alikunywa, farasi akanywa, akaandika kitu, akaenda! Duba na Lokwawi walikuwa ndani ya shimo hata hawakuona uso wake!"

 Ekuam alimgeukia. "Mama, umesema Duba na nani?"

Ado alitafuna ufizi wake. Aliishusha fimbo. "Na Lokwawi," alisema kwa kinyongo kidogo. "Mmoja alichimba, mmoja akavuta udongo. Wakachoka, wakabadilishana. Mnataka niseme nini tena?"

Ekuam ndiye aliyeanza kucheka. Denge akafuata. Walicheka hadi wakashikana mabega, wanaume wazima waliokuwa wamekaribia kutoleana visu kwa ajili ya mtu aliyepita na farasi. Kabla ya adhuhuri walikuwa wamekwisha kuing'oa nguzo kwa mtaimbo, na Denge akampa Ekuam miraa.

Warigia alifika jasho likimtoka. Aliuona ufa, akaona kibao chini, akakaa juu ya jiwe.

"Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa karatasi za zamani," alisema. "Tulinakili tu. Tulifikiri ikiwa imeandikwa..."

"Duka la baba yako liko hapo," Sabdio alimwambia. "Umezaliwa hapo. Ulishindwa kuvuka barabara uulize?"

Warigia aliinamisha kichwa. Baadaye aliuliza kama angeandika upya, majina yote mawili. Denge akasema vyema, Duba na Lokwawi. Ekuam akasema vyema, Lokwawi na Duba. Wakatazamana, na safari hii hawakucheka. "Acha tu," Denge alisema. "Ziba hayo matundu. Hatutaki kibao."

*

Kisima kilisafishwa, kikatiwa dawa, ufa ukazibwa. Akiru alirudi nyumbani amebaki macho na masikio, lakini alirudi. Wanaume walikuwa wamekwisha kulisahau jambo lenyewe. Walisimulia habari ya farasi sokoni na watu wakavunjika mbavu.

Sabdio alipeleka maziwa kwa Nangiro, Ekuam akayapokea mlangoni. Alipeleka leso mpya. Ikapokewa, lakini hakuwahi kumwona Nangiro ameivaa. Alipokaa kando ya lami alimwachia nafasi chini ya turubai, na nafasi ile ilikaa wazi.

Siku pampu ilipofunguliwa, watu wote walikuwepo. Wanawake walimpisha Nangiro atangulie, wengi wao hawakuweza kumtazama. Yule aliyemwaga maji alijitolea kumpigia pampu. Nangiro alijaza mtungi wake mwenyewe. Kisha akatoa kikombe cha bati kwenye mkunjo wa shuka yake, akateka, akamgeukia Sabdio. Akanywa mbele yake, bila haraka, koo likipanda na kushuka, hadi akamaliza. Akakipindua kikombe chini ili Sabdio aone hakuna kilichobaki. Akajitwika mtungi akaenda.

Asubuhi iliyofuata alifanya vilevile. Na iliyofuata. Hakusema neno. Wengine kwenye foleni walizoea wakaanza kuongea mambo yao, lakini Sabdio hakuzoea. Alijifunza kuja mapema ili jambo lile limpate likiwa bichi, kwa kuwa aliona kuchelewa kungekuwa kukimbia.

Mvua zilipoisha na vumbi likarudi, hakuweza tena. Nangiro alipokipindua kikombe, Sabdio alitoka kwenye mstari akamwendea, mbele ya watu wote, palepale alipokuwa amesimama siku ile na mtoto kifuani.

"Dada yangu," alisema, "nimeona. Kila mtu ameona. Basi, imetosha."

Nangiro alimtazama kwa muda mrefu. Hapakuwa na hasira machoni mwake. Yalikuwa macho ya mtu anayepima kitu kwa uaminifu, asije akadanganya upande wowote.

"Bado," alisema, akateka kikombe kingine.